Goma: Wapiga picha, «bravo» peke yake haitusaidie

Asubuhi moja ya mwaka wa 2024, kijana mmoja wa kazi yetu aliweka picha katika kundi la WhatsApp la wapiga picha wa hapa mjini. Msichana wa miaka kama kumi na mitano alikuwa amesimama mbele ya hema, katika kambi moja ya wakimbizi wa vita upande wa magharibi ya Goma. Mwangaza wa asubuhi ulikuwa unamgusa shavu moja, macho yake makavu, na nyuma yake plastiki ya buluu ilikuwa inang'aa kidogo. Ilikuwa picha nzuri, hilo sikatai hata leo. Saa moja haikuisha, kundi lilikuwa limejaa vidole gumba. «Bravo kaka.» «Chapeau!» «Iyi njo foto!» Na mimi, mwenye miaka zaidi ya kumi na mitano katika kazi hii, niliandika: «Petit, lumiere iko kali sana.»

Kisha siku tatu, mama mmoja anayesindikiza wagonjwa katika kambi ile alinipigia simu. Salamu zake zilikuwa fupi. «Papa, ninyi wote muliangalia ile foto. Kile kibao cha nyuma hamukukione?»

Nikafungua picha tena. Kibao kilikuwa pale, upande wa kulia, herufi zote zinasomeka: jina la huduma inayopokea wanawake na wasichana waliobakwa. Kila mtu wa kambi alijua hema lile ni la kazi gani. Na kila mtu wa kambi alijua uso wa mtoto yule.

Picha iliondolewa siku ileile, lakini ilikuwa imekwisha kupita katika telefone za watu wengi, na hakuna mtu aliyeweza kuikusanya. Msichana alihamishiwa kwa ndugu zake mbali na kambi. Mama yule aliniambia hivyo kwa sauti ya mtu aliyechoka, hakuongeza lawama.

Jambo lililoninyima usingizi si kosa la yule kijana. Yeye alikuwa na mwaka mmoja tu katika kazi. Ni sisi. Watu zaidi ya arobaini, wote wenye macho ya kazi, tuliangalia picha ile na tukaona mwangaza. Ao labda mmoja wetu alikiona kibao, akafikiri si kazi yake kuharibu sherehe. Tangu siku hiyo nina ugomvi na neno «bravo».

Wengi wetu hatukusoma kazi hii darasani. Tuliingia kupitia mtu mwenye kamera: unambebea begi, unamshikia taa kwenye ndoa, siku moja anaumwa malaria na unapiga wewe. Mkubwa huyo hakuelezi kwa nini picha ni mbaya, anasema tu «rudilia». Mtu wa kwanza aliyetukosoa kweli alikuwa mteja, na mteja ana njia moja tu ya kukosoa: anakatala kulipa.

Nakumbuka ndoa moja ya miaka ya mwanzo. Mama mdogo wa bibi arusi alichukua albamu yangu, akageuza kurasa bila haraka mpaka mwisho, akaifunga. «Foto ni za muzuri,» akasema, «lakini uyu si mutoto wetu.» Nilikuwa nimemwangaza ngozi bibi arusi katika kompyuta mpaka akawa rangi ya chai yenye maziwa mengi. Ilikuwa mtindo, na bado ni mtindo. Wateja wengine wanaomba wenyewe. (Hata filamu za zamani zilitengenezwa hivyo. Kodak ilikuwa inapima rangi zake kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, kadi waliyoiita Shirley, na ngozi yetu haikuwa katika hesabu.) Mama yule hakujua kitu juu ya kamera. Lakini alisema kitu kimoja cha kweli, mbele yangu, juu ya picha na si juu yangu, na tangu siku ile sikumbadilishia mtu ngozi yake tena. Wenzangu wa kazi walikuwa wameiona albamu ile mbele yake. Wote walisema iko kali.

Siku hizi mteja mkubwa si bibi arusi. Ni shirika, ni ajensi, ni gazeti la ngambo. Kandarasi ni chache na wapiga picha ni wengi. Ukimwambia mwenzako kwamba picha yake ina shida, ataona unamtafutia nafasi yake, na watu watasema uko na wivu. Ukinyamaza, wewe ni mtu mwema. Basi tunanyamaza mbele ya mwenyewe, na jioni, chupa ya pili ikifunguliwa, tunasema yote: yule hajui kitu, yule anapangia watu machozi, yule anachukua kazi za wadogo na kuziwekea jina lake. Mengine kati ya maneno hayo ni ya kweli kabisa, lakini mtu aliyepaswa kuyasikia hayuko kwenye meza.

Zamani labda tungeweza kuishi hivyo. Picha za Kivu zilizotembea duniani zilikuwa nyingi za wageni waliokuja wiki mbili na kurudi kwao, na sisi tulikuwa tunalalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Mambo yamebadilika. Mwaka wa 2020, wakati Covid ilifunga mipaka, Finbarr O'Reilly, aliyekuwa amepewa tuzo ya Carmignac kwa kazi juu ya Kongo, hakuweza kuendelea peke yake, na kazi ile ikafunguliwa kwa wapiga picha na waandishi wa habari wa hapa inchini, chini ya jina Congo in Conversation. Mwaka ule ule Pamela Tulizo, mpiga picha wa hapa Goma, alipata tuzo ya Dior ya vijana. Kule Lubumbashi, Sammy Baloji na wenzake wanaendesha tangu mwaka wa 2008 mikutano ya picha iliyokuwa Biennale, na shirika lao linaitwa kwa neno letu wenyewe, Picha. Tulitaka kujipiga wenyewe, tumepata. Makosa nayo sasa ni yetu, hatuna mzungu wa kumtupia.

Kisha mambo ya kile kibao, watu watano tulianza kukutana kila Jumamosi ya pili katika kiwanja cha mmoja wetu. Umeme ukikuwako tunatumia kompyuta, ukikatika tunapitishana telefone. Kila mtu analeta picha kumi. Sitadanganya: mara ya kwanza ilikuwa mbaya. Mmoja alikuja na ukali wa kulipa deni la zamani, mwingine alijibu kila neno kama yuko mbele ya mwamuzi, na tulitengana tukiwa na hasira. Mara ya pili tukaamua kuanza na picha isiyo ya mtu yeyote kati yetu, ili asiumie mtu.

Tulichagua ile ya Nsala. Wakongomani wengi wameiona hata bila kujua jina la aliyeipiga. Ni Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, mwaka wa 1904, kule Baringa, wakati wa mpira wa Leopold wa Pili. Baba ameketi pembeni ya baraza, mbele yake kuna mkono na mguu wa mtoto wake wa kike, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilionyeshwa katika mikutano Uingereza na Marekani, ikawa moja ya silaha za wale waliopigania kumnyang'anya Leopold inchi hii, mpaka mwaka wa 1908 akaiachilia.

Tulijiwekea sharti moja: kwa dakika kumi hakuna kusema «nzuri» wala «mbaya». Useme tu unachokiona. Ni ngumu kuliko unavyofikiri, mtu wa kazi anataka kuhukumu haraka. Mmoja akasema: Nsala halii. Mwingine: haangalii kamera, tunamuona kwa upande. Wa tatu: nyuma kuna watu wawili wamesimama, nao wako kimya. Tukaona kwamba aliyepiga alikaa mbali kidogo, hakuingiza kamera katika vile vitu vya kutisha, akaacha sisi tufuate macho ya baba. Kisha mwenzetu wa kike, ambaye mpaka pale alikuwa hajasema neno, akasema: «Tunajua jina yake.»

Miaka 120 imepita na tunajua jina la baba na jina la mtoto, kwa sababu mtu fulani aliuliza na kuandika. Akachukua telefone, akaanza kusoma maneno tuliyoandika chini ya picha zetu wenyewe. «Mkimbizi, Goma.» «Mama na mtoto, Kanyaruchinya.» «Mtoto akichota maji.» Alisoma tano ao sita hivi, sauti bila ukali. Moja ya zile ilikuwa yangu. Sijawahi kukosolewa vikali namna ile, na hakuna mtu aliyetukanwa.

Msomaji ataniuliza: si umetoka kusema kwamba yule msichana alipaswa kufichwa? Ndiyo. Jina la mtu uliyemuuliza, ukaamua pamoja naye kulificha, limo katika daftari lako na linamlinda. Jina ambalo hukuuliza ni uvivu tu, na ni kazi ya mwenzako kukuambia hivyo, kwa sababu mhariri wa mbali hawezi kujua.

Juu ya mambo ya ufundi sitakaa sana, isipokuwa moja, kwa sababu ni ya hapa kwetu na inaonyesha tofauti kati ya kukosoa na kupiga kelele. Kamera inapima mwangaza kama vile dunia yote ni ya kijivu. Sisi tunaishi juu ya mawe meusi ya Nyiragongo. Ukielekeza kamera chini, kwenye lava, inafikiri kuna giza, inafungua, na mbingu yote inakuwa nyeupe kama karatasi. Ukimpiga mtu mbele ya hema nyeupe jua likiwaka, kinyume chake: kamera inaona weupe mwingi, inafunga, na uso wa mtu unazama katika giza, hauoni hata macho. Picha za namna hiyo zilitoka kambini kwa mamia. Sasa, ukimwambia kijana «foto yako iko na giza», umemwambia kitu anachokiona mwenyewe. Ukimwambia «kwenye hema nyeupe, ongeza kipimo kimoja ao kimoja na nusu, ao mgeuze mama akae mbele ya ukuta», kesho atapiga vizuri. Inachukua muda uleule.

Lakini hata ukijua ufundi wote unaweza kukosoa vibaya, na mimi nilifanya hivyo. Kijana mwingine alileta picha ya chukudu ikishuka kutoka upande wa Kibumba na mifuko ya viazi. Sisi wote tumepiga chukudu. Jua la jioni, volkano nyuma, tumeichoka mpaka na ile sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point. Sikungoja. Nikamwambia: «Upande wa kushoto ukate, iko bure, kuko tu mama mwenye kusukuma.» Akanyamaza kidogo. «Grand,» akasema, «ule mama njo nilikuwa napiga.» Alikuwa mama yake mzazi. Kila wiki anasukuma chukudu ya kaka yake kwenye mipando, na picha nyingi za chukudu hazimuonyeshi mtu anayesukuma nyuma. Alikuwa ameona kitu ambacho mimi katika miaka kumi na mitano sikukiona, na nilitaka akikate.

Kweli picha ilikuwa na shida: mifuko ilikuwa inakula nafasi yote, na mama alikuwa pembeni kabisa, nusu ya mwili iko nje. Lakini dawa haikuwa kumkata. Ilikuwa apige kutoka nyuma, ao asogee upande wa mama. Ningeuliza kwanza «ulitaka kuonyesha nini?», ningemwambia hivyo mara moja. Sasa ninauliza swali hilo mbele ya neno lingine lolote, na mara nyingi mtu mwenyewe akijibu anaona kosa lake mbele yangu.

Kuna wazee wetu pia. Hapa kwetu huwezi kumwambia mtu aliyekushikisha kamera kwamba amekosea, hasa mbele ya wadogo. Wengine wanasema basi tuache, mzee ataondoka na makosa yake. Mimi siamini hivyo, kwa sababu mzee ndiye anayeigwa. Lakini kuna njia. Mwenzetu mmoja alimfuata mkubwa wake nje, wanatembea kwenda kutafuta moto, akauliza: «Muzee, ule mutoto wa nyuma, mama yake aliitika?» Mzee hakujibu. Wiki mbili kisha picha ile haikuwa tena katika ekspo yake.

Na kuna jambo la mahali pa kusemea. Kila mtu anajua mji wetu uko katika hali gani tangu Januari 2025. Kosa la mwangaza ao la kukata unaweza kulisema kwenye kundi, hakuna anayekufa. Lakini ukiandika mbele ya watu mia mbili kwamba picha ya fulani «imepangwa», ao kwamba «inasema kwa ajili ya upande fulani», hujakosoa picha, umemtia mwenzako alama, na wenye kusoma kundi si wapiga picha peke yao. Kama kweli unaamini alipanga, kama aliwaambia watoto walale chini ndipo apige, mfuate kwake, mkae, umwambie bila kuzunguka. Watu waliofanya hivyo wanajua ni mazungumzo mabaya. Lakini yawe ya watu wawili. Kinyume chake, picha inayoweza kumletea mtu hatari, kama ile ya kibao, hapo heshima na utaratibu vinangoja: unapiga simu dakika ileile, hata usiku, hata kwa mkubwa wako, unasema «ondoa, nitakueleza».

Rafiki mmoja ninayemheshimu ananipinga. Anasema vijana wa leo wanapiga kwa telefone ya kuazima, wamekimbia mara mbili ao mara tatu, wengine wamepoteza vyombo vyote wakati wa uporaji. Mtu wa namna hiyo anahitaji mkono mgongoni, si mtu wa kumhesabia makosa. Ninamsikia. Nimeona kijana aliyeacha kazi kwa sababu ya neno moja la dharau. Lakini ninamuuliza: yule aliyepiga picha ya kibao, tulimpa nini? Tulimpa mikono arobaini mgongoni. Alipojua alichofanya, alikaa mwezi mzima hagusi kamera, na aliniuliza swali moja tu: «Grand, wewe ulikiona?» Ningekuwa nimekiona na kumwambia katika dakika ya kwanza, angeona haya kidogo siku ile, na kesho yake angerudi kazini.

Alirudi, hata hivyo. Mara ya tatu tulipokutana kiwanjani alikuja na picha zake kumi katika telefone ya dada yake. Aliketi mwisho, akangoja wote wamalize. Kisha akatuonyesha moja: kambi ileile, mwanamke ameonekana kwa mgongo, mikono miwili inafunga kamba ya hema, uso hauonekani, kibao hakuna. Mwangaza, nakubali, ulikuwa mzuri tena.

Tulisema tunachokiona. Mikono. Kamba. Mawe ya lava yaliyoshika plastiki. Nikamuuliza alitaka kuonyesha nini, akasema nguvu ya vidole, na kweli vidole vilionekana. Tulikuwa karibu kupita kwenye picha nyingine. Mwenzetu wa kike akaomba telefone, akaivuta karibu, akakuza kitenge kilichofungwa kiunoni: cha njano, na ndege wakubwa.

«Kitenge kama iki,» akauliza, «kuko wamama wangapi nacho pale kambini?»

Kijana akafikiri. «Ni yeye peke yake.»

Akachukua telefone yake, akatafuta kidogo, akatuonyesha nyingine. Mikono ileile, amesogea karibu zaidi, kamba na vidole tu.